Dereva mfupi na mfuko wa hewa: dalili, sababu na marekebisho

Kabla hujagusa chochote kwenye gari, pima. Keti vile unavyoketi ukiwa barabarani kweli, si vile unavyojinyoosha ukijua unaangaliwa. Mwombe mtu asimame mlangoni na tepu ya fundi cherehani, apime kutoka kwenye kidari, yaani ule mfupa wa katikati ya kifua, hadi katikati ya kifuniko cha usukani palipoandikwa SRS, alama ya mfuko wa hewa (airbag). Ukipata sentimita 25 au zaidi, mengi ya hapa chini yatakusaidia kwa ajili ya starehe tu. Ukipata 20 au 15, na si ajabu kuzipata namba hizo kwa dereva wa futi tano, endelea kusoma huku tepu ikiwa mkononi.

Kipimo cha sentimita 25 kinatolewa na NHTSA, taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa magari. Mfuko wa hewa hulipuliwa na kemikali na hujaa kabla hata sehemu moja ya ishirini ya sekunde haijaisha. Nguvu yake kubwa iko kwenye sentimita 5 hadi 8 za mwanzo, pale unapopasua kifuniko na kuchomoka. Anayekutana nao ukiwa umeshajaa, huupata kama mto. Aliyeegemea usukani hupigwa na ule mchomoko wenyewe. Zile sentimita 25 zinakuweka nje ya eneo hilo, na zinakuachia akiba kwa sababu breki kali hukurusha mbele kabla gari halijagonga.

Hofu hii ina historia. NHTSA ilikadiria kwamba kati ya 1990 na 2008, zaidi ya watu 290 nchini Marekani waliuawa na mifuko ya mbele kwenye ajali za mwendo mdogo, ajali ambazo zenyewe zisingewaua. Karibu asilimia 90 ya vifo hivyo vilitokea kwenye magari yaliyotengenezwa kabla ya 1998. Wengi walikuwa watoto, na miongoni mwa watu wazima walioumia walikuwamo madereva wafupi na wazee waliokaa karibu mno na usukani. Wengi wa waliokufa hawakuwa wamefunga mkanda, au walikuwa wameufunga vibaya. Kumbuka hilo la mkanda, kwa sababu tutalirudia.

Dalili: kipimo ni chini ya sentimita 25

Sababu ni tatu, na tiba ya moja haitibu nyingine. Huenda miguu haifiki. Huenda macho hayaoni vizuri, kwa hiyo mwili unajisogeza mbele kutafuta kuona. Au ni mazoea tu: ulijifunza gari kwa woga, ukashika usukani kwa juu na kuukumbatia, na mpaka leo hujaachia.

Ili ujue yako ni ipi, rudisha siti nyuma tundu moja baada ya jingine, gari likiwa limezimwa. Ikiwa miguu bado inakanyaga vizuri na barabara unaiona, tatizo lilikuwa mazoea, na limekwisha hapo hapo. Vumilia siku chache za kujisikia mbali. Ikiwa mguu ndio umekwama, nenda sehemu ya pedali. Ikiwa mguu unafika ila dashibodi imekuziba, nenda sehemu ya kuona.

Mgongo wa siti nao ujaribiwe mapema, kwa sababu hauna gharama. Madereva wafupi wengi huusimamisha wima kabisa. Ulaze kidogo tu, mabega yaendelee kugusa siti, na kifua kitarudi nyuma bila miguu kupoteza chochote. Ukiulaza mpaka mabega yanaondoka kwenye siti kila unapokata kona, umezidisha. Kipimo cha kuaminika: mgongo ukiwa umeegemea, nyoosha mkono juu ya usukani. Kifundo cha mkono, pale inapovaliwa saa, kikae juu ya duara bila bega kuachia siti.

Dalili: siti ikirudi nyuma, breki haifiki chini

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wengi wanapopewa ushauri mbaya.

Pima kwa mguu wa breki. Injini ikiwa inaunguruma na gari limesimama, kanyaga breki kwa nguvu zako zote kama mtu aliyekatiwa njia na bodaboda. Goti libaki limekunjika kidogo. Likinyooka kabisa, uko mbali mno, na kwenye ajali mguu ulionyooka huvunjika kirahisi. Kwa gari la klachi, pima kwa klachi, maana hiyo lazima ikanyagwe hadi mwisho kila unapobadili gia. Ndiyo maana kwa dereva mfupi napendekeza gari la otomatiki pasipo kusita. Inakuondolea pedali inayokuvuta mbele kuliko zote, na mara nyingi hiyo peke yake inakurudishia sentimita kadhaa.

Angalia kisigino. Kisigino cha mguu wa kulia kinatakiwa kitulie sakafuni huku unyayo ukizunguka kati ya mafuta na breki. Kikiwa kinaning'inia, misuli ya mbele ya mguu inafanya kazi ya kuushikilia mguu mzima hewani, na kabla hujamaliza foleni ya Morogoro Road au Thika Road utaanza kuhisi ganzi na mkakamao. Mguu unaoning'inia pia huchelewa kufika kwenye breki.

Tiba ya kwanza ni kiatu. Kiatu chenye soli ya wastani, ngumu kiasi na kilichoshika kisigino, kinaweza kukupa sentimita mbili bila fundi. Ndala hazifai, huteleza na kuingia chini ya pedali. Viatu vya kisigino kirefu vinadanganya: vinaonekana vinakuongezea kimo, kumbe vinainua kisigino chako na kuharibu mzunguko wa unyayo. Viweke nyuma ya gari, uvae ukifika.

Tiba ya pili ni nyongeza za pedali, vipande vya chuma vinavyofungwa kwa bolti juu ya pedali iliyopo ili ikusogelee. Vipo vilivyotengenezwa kiwandani kwa kazi hiyo. Kwa mtu ambaye kweli hafiki, hii ndiyo suluhisho bora, kuliko kusogeza siti mbele. Lakini zifungwe na fundi anayejua, zikaguliwe mara kwa mara, na pedali ya breki isikutane na ya mafuta. Nawaomba msichomelee kipande cha ubao wala chuma chakavu kwenye pedali ya breki. Kitu kikichomoka hapo, huna gari tena. Ukishaongeza pedali, huenda kisigino kikahitaji kuinuliwa kidogo pia. Kifanyiwe jukwaa dogo lililofungwa sakafuni, lisilosogea. Mazulia yaliyopangwa mawili au matatu chini ya mguu ni hatari, yatatembea mpaka chini ya breki.

Sasa kuhusu kimo cha siti. Siti nyingi zina kishikio pembeni, upande wa mlango, cha kupandisha na kushusha, na watu wanakaa na gari miaka bila kukigusa. Kipandishe, utaona zaidi. Ila ukipanda juu, sakafu inakuwa mbali, na pedali nazo. Mtu anapandisha siti ili aone, mguu unakosa breki, anasogeza siti mbele, na kifua kinarudi palepale kwenye usukani. Kwa hiyo fuata mpangilio: kwanza miguu, halafu mgongo wa siti, halafu kimo, halafu rudi upime miguu tena. Baada ya hapo ndipo uende kwenye usukani, mkanda, na vioo mwisho kabisa. Ukianza na vioo utavirekebisha mara nne.

Dalili: huoni pua ya gari, au unachungulia kati ya usukani na dashibodi

Mstari wa macho yako uwe angalau sentimita 8 juu ya ukingo wa juu wa usukani. Chini ya hapo, unaendesha ukiangalia kupitia tundu la usukani, na mtoto anayevuka mbele ya gari lililopaki hutamwona mapema.

Kama siti haipandi, au imepanda na haitoshi, tafuta mto. Mto wa kochini hapana. Mto laini wa aina hiyo, gari likigonga, unabonyea, makalio yanateleza mbele, na mkanda wa chini unahama kutoka kwenye mifupa ya nyonga kwenda tumboni, kwenye utumbo na ini. Nenda kwa fundi wa siti au fundi makochi, mwombe akate sponji ngumu, ile ambayo ukiibonyeza kwa ngumi haizami hadi chini. Akate kwa umbo la kabari, nyuma iwe nene na mbele iwe nyembamba, ili mapaja yasibanwe na miguu isipoteze pedali. Avalishe kitambaa kisichoteleza na atie mikanda ya kufungia kwenye siti. Fundi mzuri anaweza pia kujenga upya sponji yenyewe ndani ya siti. Kwa magari ya zamani yaliyobonyea nafikiri hiyo ndiyo njia safi zaidi, kwa sababu siti iliyochoka imekushusha bila wewe kujua.

Ondoa na vitu vinavyokuzibia: zulia la manyoya juu ya dashibodi, midoli, chupa ya manukato, simu iliyobandikwa katikati ya kioo. Upande wa abiria vitu hivyo vimekaa juu ya kifuniko cha mfuko wa hewa wa pili, na mfuko ukifumuka vitaruka navyo usoni mwa mtu.

Dalili: kitovu cha usukani kinatazama kidevu chako

Gari nyingi ndogo zina kishikio chini ya usukani cha kuupandisha na kuushusha. Zenye kuuvuta na kuusukuma pia ni chache zaidi, na kama lako linayo, usukume uende mbele kuelekea dashibodi: sentimita unazopata hapo ni za bure. Kisha ushushe mpaka katikati yake ielekee kidari, siyo uso wala shingo. Kwa mjamzito, uelekee kifuani na siyo tumboni, na siti irudi nyuma kadiri mimba inavyokua.

Shika usukani penye tarakimu ya 9 na ya 3 za uso wa saa, kwa pembeni. Mkono uliolazwa juu ya kitovu, kama wanavyofanya wapenda kupiga honi, utarushwa na mfuko moja kwa moja usoni.

Kuna mapambo ya kung'aa yanayobandikwa juu ya nembo ya usukani, ya vijiwe na chuma. Yabandue leo. Mwaka 2023 NHTSA ilitoa tahadhari kuhusu mapambo hayo baada ya dereva mmoja kupofuka jicho moja pambo lilipochomoka kwenye ajali na kumpiga usoni.

Dalili: mkanda unakukata shingoni

Huu ndio usumbufu unaowafanya wafupi wengi kupitisha mkanda chini ya kwapa au nyuma ya mgongo. Nakusihi usifanye hivyo. Mfuko wa hewa umepangwa kumpokea mtu aliyezuiliwa na mkanda. Usipozuiliwa, breki inakupeleka usoni mwa mfuko wakati unachomoka, na sentimita 25 zote ulizozihangaikia zimepotea.

Tazama nguzo ya mlango, pale mkanda unapotokea juu. Magari mengi yana kitufe cha kushusha na kupandisha. Shusha mpaka mkanda upite katikati ya mtulinga, ushuke katikati ya kifua, na kipande cha chini kilale kwenye nyonga. Kama nguzo haina kitufe, kupanda kwa mto wa sponji mara nyingi kunatatua lenyewe kwa sababu bega linapanda. Vibanio vya plastiki vya kulegeza mkanda usivitumie: vinauachia nafasi, na nafasi hiyo inageuka mwendo wa kifua chako kuelekea usukani.

Dalili: maumivu baada ya safari

Shingo na mabega: unaning'inia kwenye usukani, rudi kwenye kipimo cha kifundo cha mkono. Kiuno: siti ni ndefu kuliko paja lako, ukingo wake unakugusa nyuma ya goti na huwezi kukaa hadi mwisho wa siti. Weka kijimto chembamba na kigumu kwenye kiuno, ila kumbuka kinakusogeza mbele, pima tena. Goti la kulia linalogonga chini ya usukani ni ishara kwamba uko karibu mno, hata kama kifua kinaonekana kiko mbali.

Dalili: taa ya SRS haizimi, au haiwaki kabisa

Umbali mzuri hauna maana ikiwa mfuko wenyewe haupo. Magari yetu mengi yamekuja yakiwa yametumika Japani, na mengine yamepata ajali huko au hapa na kufunikwa.

Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, usiwashe injini. Taa ya mfuko wa hewa iwake kwa sekunde kadhaa, kwa Toyota kama sita, kisha izime yenyewe huku taa ya oili na ya betri zikiendelea kuwaka. Ikibaki inawaka au kupepesa, mfumo umegundua hitilafu na huenda mifuko isifumuke. Isipowaka kabisa, kuna uwezekano mtu ameichomoa balbu. Ikizima sambamba na taa ya oili unapowasha injini, mtu ameiunganisha na waya wa taa nyingine ili ikudanganye.

Sababu za kawaida? Ya kwanza inawahusu wafupi hasa: soketi za rangi ya njano chini ya siti. Siti inayosogezwa mbele na nyuma kila siku na madereva wawili tofauti, mume mrefu na mke mfupi, hulegeza soketi hizo. Taa ikianza kuwaka siku uliyosogeza siti, anzia hapo. Ya pili ni utepe wa umeme uliozungushwa nyuma ya usukani, mafundi huuita klokispringi. Ukikatika, mara nyingi honi nayo hufa. Ya tatu ni betri dhaifu.

Usikubali fundi achokonoe waya za njano kwa taa ya majaribio. Umeme mdogo unaweza kuulipua mfuko. Kwanza atoe waya hasi wa betri na asubiri angalau sekunde 90, ndivyo maelekezo ya Toyota yanavyosema, kisha asome kodi za hitilafu kwa mashine ya uchunguzi. Lakini mashine haikamati udanganyifu wa rezista. Mfuko ukishatumika, wapo wanaofunga rezista, kijipande cha umeme kinachoufanya mfumo udhani mfuko upo, na kupachika kifuniko kipya, na taa inafanya kazi vizuri kabisa. Hilo linajulikana kwa kufungua na kuangalia tu.

Kava za siti pia ni za kukaguliwa. Siti yenye kitambulisho cha SRS AIRBAG ubavuni ina mfuko wake wa pembeni, na kava nene iliyoshonwa kuzunguka siti nzima inauzuia. Iachwe wazi upande huo.

Liko pia suala la Takata, kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko ya hewa na kufilisika mwaka 2017. Vilipuzi vyake vilitumia nitrati ya amonia isiyo na kikausha unyevu, na kwa miaka ya joto na unyevunyevu kemikali hiyo huharibika. Siku ya ajali chombo chake cha chuma hupasuka na kurusha vipande. Baadhi ya Toyota, Honda, Nissan na Mazda za miaka ya 2000 zilihusika, na hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa ndiyo hasa inayoiharibu. Sentimita 25 hazikingi vipande vya chuma. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye ukurasa wa tovuti ya mtengenezaji huko Japani unaoonyesha magari yaliyoitwa kurekebishwa, au mpe wakala wa kampuni akuangalizie.

Je, niuzime mfuko?

Swali hili huulizwa na walioshindwa kufika 25. Marekani iliruhusu swichi za kuzima tangu 1998, kwa kibali, na dereva asiyeweza kabisa kupata umbali huo ni miongoni mwa waliokubaliwa. Baadaye, kwa kanuni ya mwaka 2000, ililazimisha majaribio ya kugongesha magari yatumie pia mwanasesere wa mwanamke mdogo, wa takriban sentimita 150 na kilo 49, badala ya kutegemea mwanamume wa sentimita 175 na kilo 78 peke yake. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakufungwa na kanuni hiyo.

Huku kwetu, fundi atakachofanya ni kung'oa fyuzi. Fyuzi hiyo inaua mfumo wote: mfuko wako, wa abiria, wa pembeni, na kifaa kinachokaza mkanda wakati wa ajali. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, hata ukibaki na sentimita 20. Dereva aliyefunga mkanda sawasawa kwa sentimita 20 yuko salama zaidi kuliko aliyeachwa na usukani mtupu. Fedha ambayo ungempa fundi huyo, itumie kwenye nyongeza za pedali.

Na kama bado hujanunua gari, nenda yadi na haya yote kichwani. Keti, funga mkanda, kanyaga breki hadi chini, toa tepu. Uliza kama siti inapanda na usukani unashuka, na ujaribu mwenyewe kwa mkono, kwa sababu gari mbili za jina moja na mwaka mmoja zinaweza kutofautiana kwa hayo. Muuzaji akikuambia utazoea, pima gari linalofuata.